Aliyeonewa kwa ajili ya dini yake abishe hodi mlango upi? Ulinganisho wa njia za kisheria kwa mkazi wa Tanga

Katika maswali ninayoletewa kama msaidizi wa kisheria hapa Tanga, lipo moja ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wanaona haya kwa niaba ya aliyewakosea: mtu akitendewa uovu kwa sababu ya dini yake, aende wapi? Swali hilo halina jibu moja, kwa kuwa sheria za Tanzania Bara hazina kosa mahususi linaloitwa kosa la chuki ya kidini. Badala yake ipo milango kadhaa, kila mmoja ukiwa umejengwa kwa wakati wake na kwa shabaha yake, na anayebisha mlango usiomhusu hupoteza miezi mingi, na mara nyingine huipoteza haki yenyewe.

Nitailinganisha milango hiyo kwa kutumia mikasa mitatu ya kubuni, ili msomaji aone njia ile ile inavyomfaa mmoja na kumwangusha mwingine. Tuseme kwanza kwamba walimu wa madrasa moja ya Makorora wanafika asubuhi na kukuta mlango umepakwa uchafu na misahafu imechanwa. Au waumini wa kanisa dogo la Pongwe wanakuta madirisha yamevunjwa na msalaba umetupwa shimoni. Kisheria matukio hayo mawili ni jambo moja, nami nitayahesabu kuwa moja. Mkasa wa pili ni wa binti wa Chumbageni anayetukanwa katika kundi la WhatsApp la mtaa kwa sababu ya dini yake. Wa tatu ni wa kijana wa Muheza aliyebadili dini, ambaye kaka zake wamempiga, wamemjeruhi na kumfukuza nyumbani. Namba za vifungu vya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, nitakazozitaja ni za Toleo la mwaka 2019, hivyo mwenye toleo jipya zaidi athibitishe kwanza kama namba haijasogea.

Polisi na mahakama ya jinai

Huu ndio mlango ambao wengi huufikiria kwanza, na una mengi ndani yake kuliko inavyodhaniwa. Sura ya 16 ina kundi zima la makosa yanayohusu dini, kuanzia kifungu cha 125 hadi cha 129. Vingi vya vifungu hivyo havikutungwa kwa ajili yetu: ukivisoma sambamba na vifungu vya 295 hadi 298 vya Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, utaona maneno yanafuatana karibu hatua kwa hatua. Ni sheria iliyotungwa kwa ajili ya nchi yenye Wahindu, Waislamu na Makalasinga wanaoishi ukuta kwa ukuta, kisha ikavushwa bahari na Waingereza. Labda ndiyo sababu inaelekea kuelewa mitaa ya Ngamiani kuliko sheria nyingine nyingi tulizorithi.

Kifungu cha 125 kinamgusa anayeharibu au kunajisi mahali pa ibada, au kitu chochote kinachohesabiwa kuwa kitakatifu na kundi la watu. Cha 126 kinamhusu anayevuruga kwa makusudi mkusanyiko halali wa ibada. Cha 127 kinalinda makaburi, maiti na watu waliokusanyika mazikoni dhidi ya anayeingia au kufanya fujo kwa nia ya kuumiza hisia au kuitukana dini ya mtu. Cha 128 kinamhusu anayezuia maziko au kufukua maiti bila idhini ya kisheria. Cha 129 kinamhusu anayetamka neno, kutoa sauti, kufanya ishara au kuweka kitu mbele ya mwenzake kwa nia ya makusudi ya kuumiza hisia zake za kidini.

Ninaomba msomaji atulie kidogo hapa, kwa sababu tofauti ndogo ya maneno kati ya kifungu cha 125 na cha 129 ndiyo inayoamua kesi nyingi. Kifungu cha 125 kinaweza kuthibitishwa kwa njia mbili: ama mshtakiwa alikusudia kuitukana dini ya kundi fulani, ama alijua kwamba kundi hilo litaelekea kuuona uharibifu ule kuwa ni tusi kwa dini yao. Mwendesha mashtaka akishindwa kuthibitisha kusudio, bado anaweza kusimama kwenye ujuzi, na ni vigumu kwa mtu aliyelelewa Tanga kudai hakujua kwamba kuchana msahafu au kuvunja msalaba kutaonekana kuwa ni tusi. Kifungu cha 129 hakina njia hiyo ya pili. Kinadai nia ya makusudi, na hakuna kingine kinachoweza kushika nafasi yake.

Ugumu huo ulionekana wazi katika rufaa ya Hamisi Rajabu Dibagula dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 53 ya mwaka 2001. Dibagula alihubiri katika mhadhara mjini Morogoro mwaka 2000, mhadhara uliokuwa na kibali, akasema kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Mahakama ya wilaya ilimtia hatiani chini ya kifungu cha 129 na kumfunga miezi 18, ilhali kifungu chenyewe hakiruhusu zaidi ya mwaka mmoja. Mahakama Kuu ilipunguza adhabu ili aachiliwe, lakini ikaiacha hatia ibaki. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Samatta, iliifuta hatia hiyo: mtu aliyekuwa akieleza imani yake katika mkutano halali hakuwa amethibitishwa kuwa na nia ya makusudi ya kumuumiza mtu yeyote.

Hukumu hii naiheshimu sana, na ninaamini kila anayetaka kushitaki kwa kashfa ya dini anapaswa kuielewa kabla hajapanda ngazi za kituo cha polisi. Inamaanisha kwamba kukereka kwa msikilizaji hakutoshi. Mkristo anayesema Muhammad hakuwa mtume na Mwislamu anayesema Yesu si Mungu wanasema yale ambayo dini zao zinawafundisha, na mahakama haiwezi kuwafunga kwa hilo bila kuifunga dini yenyewe. Kinachotafutwa ni kitu cha ziada: maneno yasiyo na mafundisho ndani yake bali dharau tupu, kumfuata mtu mmoja na kumrudia, kuchagua saa na mahali pa kumchoma. Anayesimama mlangoni pa jirani yake saa ya futari akirusha matusi juu ya mfungo wake hajahubiri chochote.

Upande wa adhabu una jambo linalonisumbua. Vifungu vya 125, 126, 127 na 128 ni makosa ya daraja la chini, na kwa kuwa havikutajiwa adhabu yake, vinaangukia kwenye kifungu cha 35, ambacho ukomo wake ni miaka 2 ya kifungo au faini au vyote viwili. Wakati huo huo kifungu cha 319, kinachohusu kuchoma jengo kwa makusudi, kinaweza kumpeleka mtu gerezani maisha. Na kifungu cha 241, kinachohusu shambulio la kudhuru mwili, kina ukomo wa miaka 5. Kwa hiyo sheria inayolitaja jeraha kwa jina lake ina adhabu nyepesi, na sheria yenye adhabu nzito haitaji chochote kuhusu dini: inaona ubao uliowaka, haioni msikiti wala kanisa.

Uingereza walilishughulikia jambo hili kwa namna nyingine. Sheria yao ya mwaka 1998 kuhusu uhalifu na fujo, iliyopanuliwa mwaka 2001 ili iguse dini pamoja na rangi, inalichukua kosa la kawaida na kulipandisha daraja pale uhasama wa kidini unapothibitishwa: shambulio la kawaida lenye ukomo wa miezi 6 linafikia miaka 2, na uharibifu wa mali wenye ukomo wa miaka 10 unafikia 14. Sisi hatuna ngazi ya aina hiyo. Hakimu wetu anaweza kuizingatia chuki anapopima adhabu ndani ya ukomo uliopo, lakini ataizingatia tu ikiwa imefika mbele yake.

Hapo ndipo maelezo ya kwanza polisi yanapokuwa na uzito kuliko mambo mengine yote. Niliwahi kusoma maelezo ya watu waliovunjiwa mahali pao pa ibada, yaliyoandikwa katika kituo kimoja nisichokitaja, na ukurasa mzima ulizungumzia vioo, bawaba na thamani ya shilingi. Hapakuwa na hata sentensi moja iliyosema kwamba wavunjaji waliacha maandishi ya matusi ukutani. Maandishi yalipakwa rangi juma hilo hilo kwa nia njema ya kusafisha, na kwa rangi ile chuki ikatoweka kwenye jalada. Nawasihi wenye mkasa wa kwanza wasisafishe kabla ya kupiga picha na kabla ya mpelelezi kufika. Wataje maneno yaliyotamkwa neno kwa neno, hata yanapochefua. Waeleze kama ilikuwa usiku wa Krismasi au mwezi wa Ramadhani, na kama kulikuwa na vitisho kabla yake. Waombe mashtaka yote mawili yafikiriwe, lile la uharibifu wa mali na lile la kifungu cha 125, kwa kuwa moja halizuii jingine. Na wasiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yao katika kitabu cha polisi.

Ubora mwingine wa njia hii ni gharama: mlalamikaji halipi wakili, kwa sababu kesi ni ya Jamhuri. Ukosefu wake ni kwamba kesi si yake. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ndiyo inayoamua kama itaendelea au itaachwa, na hatia inadai uthibitisho usioacha shaka ya maana. Watu wengi pia hawajui kwamba kifungu cha 31 kinairuhusu mahakama kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyeumia. Lakini ni vyema mwendesha mashtaka aiombe, na aliyeumia awe ametunza risiti.

Tusi la mdomoni na tusi la simuni

Kwa binti wa Chumbageni kuna sheria nyingine, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na nikiiweka kando ya Sura ya 16 naona tofauti inayoshangaza. Kifungu chake cha 18 kinakataza kumtukana mtu kwa kutumia mfumo wa kompyuta kwa msingi wa rangi, asili, utaifa, kabila au dini, na cha 17 kinakataza kutengeneza au kusambaza maudhui yanayochochea chuki, ubaguzi au vurugu kwa misingi kama hiyo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote pamoja.

Linganisha sasa. Anayemtukana mtu uso kwa uso sokoni Mgandini kwa nia ya kumuumiza katika dini yake atafungwa si zaidi ya mwaka mmoja. Anayeandika maneno yale yale kwenye simu, kifungo chake kinaanzia mwaka mmoja. Kinachokuwa dari kwa mmoja ni sakafu kwa mwenzake. Isitoshe, kifungu cha 18 hakikurudia maneno ya nia ya makusudi ya kuumiza hisia yaliyoiangusha kesi ya Dibagula. Kwa aliyeumizwa, njia hii ni fupi zaidi na ushahidi wake unabaki ulipoandikwa. Jingine la kuzingatia ni mipaka: Sura ya 16 ni ya Tanzania Bara peke yake, na aliyetukanwa akiwa Wete au Mkoani atakuta Zanzibar ina sheria yake ya adhabu, ya mwaka 2018, lakini Sheria ya Makosa ya Mtandao inavuka maji na kutumika pande zote mbili, jambo ambalo familia nyingi za hapa zenye ndugu Pemba zinapaswa kulijua.

Simu iliyopokea matusi itunzwe yenyewe, isiuzwe wala isifutwe chochote, kwa maana picha ya skrini bila simu inaweza kutiliwa shaka kuhusu uhalisi wake. Ujumbe usisambazwe kwa watu wengine, hata kwa nia ya kulalamika, kwa sababu anayesambaza anaweza kujikuta ndani ya kifungu cha 17. Na binti asijibu kwa tusi la dini ya mwenzake. Nimeona wenye haki ya wazi wakiipoteza jioni moja kwa njia hiyo.

Shauri la madai

Anayetaka ukuta ujengwe upya zaidi ya anavyotaka mtu afungwe, mlango wake ni shauri la madai. Kiwango cha uthibitisho ni chepesi kuliko cha jinai: inatosha kuonyesha kwamba maelezo yako yanaelekea kuwa ya kweli kuliko ya mwenzako. Nia ya kutukana dini haihitajiki, kwa kuwa anayevunja mali ya mtu huilipa, awe aliivunja kwa chuki au kwa ulevi. Hapo ndipo penye nguvu yake na ndipo penye upungufu wake, kwa sababu hukumu itakayotoka huenda isitamke neno dini mahali popote, na kwa baadhi ya waumini hilo ni jeraha la pili.

Kikwazo kikubwa ni swali la nani anayeshitaki. Msikiti wa mtaa au kanisa la mtaa, kama jengo na kama jamaa ya waumini, si mtu mbele ya sheria. Anayeweza kufungua shauri ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318, usajili ambao unafanywa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Pengine bodi hiyo ni ya kwao wenyewe, pengine ni ya taasisi iliyo juu yao: BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania), dayosisi, au jumuiya yenye makao Dar es Salaam. Kamati ya ujenzi ikifungua shauri kwa jina lake, upande wa pili utaleta pingamizi la awali na shauri litaondolewa kabla hata ya shahidi wa kwanza kusikilizwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuitafuta hati ya wadhamini, na ikiwa kiwanja ni cha wakfu, hati ya wakfu pia.

Muda nao unahesabiwa. Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya aina hii, na saa inaanza siku ya tukio. Kesi ya jinai inayosuasua haiisimamishi saa hiyo, na wengi hukosea hapo: husubiri polisi wamalize, kisha wakija kudai fidia mwaka wa nne wanaambiwa wamechelewa. Gharama ya wakili ni kubwa, ingawa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawawezesha wasio na uwezo kupata msaada bila malipo. Sisi wasaidizi wa kisheria tunaweza kueleza, kuandika na kuelekeza, ila hatuwezi kusimama mahakamani kwa niaba ya mtu.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora

Milango niliyoitaja hadi hapa inafaa pale mkosaji ni mtu kama wewe. Ikiwa aliyekukosea ni mwenye madaraka, kwa mfano mtendaji anayewanyima waumini wa dhehebu moja tu kibali cha mkutano, au ofisa anayekataa kupokea malalamiko yako kwa sababu ya mavazi yako ya kidini, Tume ndiyo yenye macho ya kuona jambo hilo. Iliingizwa katika Katiba kwa mabadiliko ya mwaka 2000 na kuundiwa sheria yake, namba 7 ya mwaka 2001. Ibara ya 130 inaipa kazi ya kupokea malalamiko juu ya uvunjaji wa haki za binadamu, kuyachunguza na, ikibidi, kufungua mashauri mahakamani. Kulalamika hakuna ada wala hakuhitaji wakili.

Tume haihukumu, inapendekeza. Aliyezoea hukumu ya mahakama anaweza kuliona hilo kuwa udhaifu, nami silifichi. Lakini kuna jambo la mpangilio ambalo ni muhimu kuliko udhaifu huo: Tume haichunguzi jambo lililo mbele ya mahakama. Anayekimbilia mahakamani kwanza anaufunga mlango wa Tume kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo, kama malalamiko yako ni juu ya mwenendo wa chombo cha serikali, anza na Tume, huku ukiiangalia kalenda ya ile miaka 3.

Kuhusu kazini nitasema kwa kifupi, kwa kuwa si jinai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa kidini, na aliyeachishwa kazi kwa sababu hiyo ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ni tume nyingine kabisa na isichanganywe na hii.

Mahakama Kuu na Ibara ya 19

Ibara ya 19 ya Katiba inatambua uhuru wa kila mtu wa imani na wa uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayomlinda kijana wa Muheza, na natamani yangesomwa kwa sauti katika kila kikao cha ukoo kinachokaa kumjadili mtu wa aina yake. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi na kuitaja dini waziwazi. Ibara ya 30(3) inamruhusu anayedai kwamba haki yake imevunjwa, au inaelekea kuvunjwa, na mtu yeyote popote katika Jamhuri ya Muungano, kufungua shauri Mahakama Kuu.

Juu ya karatasi huu ndio mlango mpana kuliko yote. Kwa vitendo ndio mwembamba. Sheria ya utekelezaji wa haki hizo, Sura ya 3, inataka shauri lisikilizwe na majaji watatu. Inaizuia Mahakama Kuu kutumia mamlaka hayo kama aliyeumia ana njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu. Na marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka mlalamikaji aonyeshe kwa kiapo jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Aliyevunjiwa dirisha ataulizwa kwa nini hakwenda polisi wala hakudai fidia, na hatakuwa na jibu. Ninaushauri mlango huu kwa jambo moja tu: pale ambapo tatizo ni sheria yenyewe, au amri inayowagusa watu wa dini fulani, kiasi kwamba hakuna hakimu wa kawaida anayeweza kuiondoa. Waliokuwa wakiitegemea Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha baada ya kushindwa hapa wajue kwamba Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kufungua mashauri, na uondoaji huo ulianza kufanya kazi Novemba 2020.

Baraza la wazee, viongozi wa dini na suluhu

Siwezi kuandika juu ya Tanga na kuiruka njia hii, kwa sababu mambo mengi huishia hapa hata kabla sijasikia habari zake. Nayo sheria haiidharau: kifungu cha 163 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinairuhusu mahakama yenyewe kuhimiza suluhu katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi yasiyo makubwa.

Suluhu inafaa zaidi pale mkosaji ni mtoto. Oktoba 2012, kule Mbagala, Dar es Salaam, ugomvi wa vijana wawili wadogo juu ya msahafu uliishia kwa makanisa kuvamiwa na watu wazima ambao hawakuwapo ulipoanza. Sura ya 16 inasema mtoto chini ya miaka 10 hawezi kuwajibika kwa jinai, na chini ya miaka 12 mpaka ithibitishwe kwamba alijua kuwa atendalo ni kosa. Imamu na mchungaji wanaokutana jioni ile ile, wakiwa na wazazi wa pande zote mbili, wanafanya kazi ambayo mahakama isingeiweza kwa mwaka mzima.

Haifai pale mtu mmoja anaposimama mbele ya ukoo mzima. Kijana wa Muheza akiitwa kikaoni ataambiwa, "Mwanangu, damu nzito kuliko maji, yamalize na kaka zako," na kuyamaliza kutakuwa na maana ya kuirudia dini aliyoiacha. Hiyo si suluhu, ni kosa la pili linalofanywa kwa upole. Yeye achukue polisi fomu ya PF3, ile ya majeruhi kupelekea hospitali, atibiwe, atoe maelezo chini ya kifungu cha 241 au vifungu vizito zaidi kulingana na jeraha, na aeleze kwamba alipigwa kwa kubadili dini. Wazee waje baadaye, kwa ajili ya amani ya nyumba, si kwa ajili ya kulifuta jalada.

Wenye mkasa wa kwanza nawashauri polisi siku ile ile, kwa mashtaka mawili, na bodi ya wadhamini ijulishwe juma hilo hilo ili madai ya fidia yasipitwe na muda. Wakati huo huo viongozi wa dini wa pande zote waombwe kuwazuia vijana wasilipize. Binti wa Chumbageni aanze na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Akiona kumfunga jirani yake ni kuzito, anaweza kumtaka aombe radhi katika kundi lile lile alikomtukana. Uamuzi huo afanye akiwa tayari amekwisha kuutunza ushahidi, kwa sababu anayeomba radhi leo anaweza kurudia kesho, na simu iliyofutwa haitamsaidia.

Imebaki mipaka ya Horohoro. Mara kwa mara huniijia mtu aliyetendewa uovu Lungalunga au Mombasa akitaka kushitaki hapa kwa sababu kwao ni hapa. Kwa kawaida jinai hushitakiwa ilikotendeka. Kenya ina vifungu ndugu wa vile vya kwetu katika Kanuni yake ya Adhabu, na Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 33, inauondoa uchochezi wa chuki katika ulinzi wa uhuru wa kujieleza, ikiwemo chuki ya dini. Lakini Sheria yao ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya mwaka 2008, ambayo watu wa huku huisikia sana redioni, inapozungumzia matamshi ya chuki inahesabu rangi, utaifa na asili ya kikabila; dini haimo katika orodha hiyo. Aliyeumizwa kule aripoti kituo cha kule kabla hajavuka kurudi, achukue namba ya OB (namba ya taarifa katika kitabu cha matukio cha polisi wa kule), na anakili jina la ofisa aliyemwandikia.